Mjadala: Wanaougua MND na wanaowauguza waulizwe kwanza, au tuwaachie madaktari wapange huduma?

Binti Kisauni
Nauleta hapa kwa sababu nyumbani tumeuzungumza hadi tukanuniana. MND ni ule ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunakuwa kazi, mwisho ni pumzi. Kakangu anao. Kila tukienda kliniki anaulizwa kama anatembea, na hajatembea siku nyingi. Hakuna aliyewahi kutuuliza anakunywaje chai. Mimi najua: chai inampalia, uji mzito wa wimbi unapita, mradi ainamishe kidevu kidogo kabla ya kumeza. Nimelijua hilo kwa kumtazama kila siku.

Ninachosema ni hivi. Kabla hospitali za hapa Mombasa hazijapanga huduma ya wagonjwa hawa, utafiti uanze kwa wagonjwa wenyewe na sisi tunaowauguza. Uingereza, mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mgonjwa ahudumiwe na timu moja: daktari wa neva, nesi, mtu wa mazoezi ya viungo, wa lishe, wa usemi, wa pumzi. Na kamati za NICE huwaweka wagonjwa na walezi ndani, si mlangoni. Sisi twakosa nini?

Nesi Mstaafu
Pole kwa kakako, mwanangu. Lakini nimemaliza umri wangu wodini, na wa kisukari niliwaona kila asubuhi. Wa MND nawahesabu kwa vidole. Ukiuliza watu watano, kila mmoja atataja la kwake. Ugonjwa wenyewe hauna tiba. Dawa ya riluzole imeruhusiwa Marekani tangu 1995 na inaongeza miezi michache tu. Pesa za kuhoji watu zinunue mashine za kupumulia, hizo zinajulikana zinasaidia. Na tuseme ukweli: wengi mkifika hospitali huwa mmeshawamaliza waganga wote wa Kwale.

Mwana wa Kwale
Kwale imeingiaje hapa? Wa Nyali hawaendi kwa mganga? Babangu alianza kwa kuangusha kikombe, tukampeleka hospitali wiki ile ile. Wakasema baridi yabisi, wakampa vidonge. Tukarudi, wakasema ni pingili za shingo, nusura apasuliwe. Mganga hakumwona. Waliomchelewesha walivaa makoti meupe.

Msomaji wa Tudor
Mwana wa Kwale ana haki. Hata Ulaya, tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutajwa kwa jina lake, hupita takriban mwaka mzima. Huko nako kuna mganga wa Kwale?

Nesi Mstaafu
Sikumtukana mtu. Nimesema nilichokiona kwa macho yangu: mgonjwa analetwa na hirizi mkononi, pumzi imebaki kidogo, halafu sisi ndio wabaya.

Mwana wa Kwale
Hirizi haimzuii mtu kupanda gari. Je, umewahi kumvusha feri ya Likoni mtu ambaye shingo haimshiki, jioni watu wakitoka kazini? Tulikuwa tunamfunga leso kutoka chini ya kidevu hadi kwenye kiegemeo cha kiti, ili kichwa kisianguke wakati watu wanasukumana kushuka. Tukifika tunaambiwa daktari wa neva hayupo leo, njooni wiki ijayo. Haya, niandikie kwamba kosa ni la mganga.

Dereva Changamwe
Mimi naona ni pesa tu. Yule profesa wa Uingereza wa kiti cha magurudumu si aliishi nao miaka hamsini na kitu? Angekuwa wa Mikindani angemaliza mwaka?

Msomaji wa Tudor
Hawking aligunduliwa 1963 akafa 2018, na wake ulikwenda polepole kupita kawaida. Wengi huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili zianze. Joost van der Westhuizen wa raga ya Afrika Kusini hakukosa pesa wala daktari. Aligunduliwa 2011, akafa 2017.

Mwanafunzi wa Udaktari
Turudi kwenye swali. Kuna hatari ya kuwaachia wagonjwa utafiti. Nakumbuka wa Marekani waliambizana mtandaoni wameze dawa ya lithium, wakameza, na haikufaa kitu.

Msomaji wa Tudor
Umeikumbuka nusu. Ni madaktari wa Italia waliochapisha 2008 kwamba lithium inapunguza kasi ya ugonjwa. Wagonjwa wa PatientsLikeMe, mtandao ulioanzishwa 2004 na ndugu za mtu mwenye ugonjwa huu, wakaitumia na kuandika hali zao. 2011 matokeo yao yakachapishwa: haisaidii. Majaribio ya hospitalini nayo yakaishia hapo hapo. Wagonjwa ndio waliolizima tumaini la uongo, wewe wawalaumu.

Mama wa Bamburi
Nyote mwasema utafiti, utafiti. Mimi nilihojiwa nikimuuguza mume wangu. Alikuja msichana mpole, ana karatasi za kutia sahihi na kinasa sauti. Nikamweleza kuwa silali, naogopa mate yatamziba koo nikisinzia. Akalia, nami nikalia. Hakurudi. Mume nimemzika, sijui yale maneno yangu yako kwenye kabati gani. Biashara ya mahamri niliiacha, na kwenye karatasi za SHA, bima ya afya ya serikali, sijaona mahali pa mtu anayeuguza. Mkitaka kutuuliza, kwanza semeni nani atamlipa anayemgeuza mgonjwa usiku.

Dereva Changamwe
Hapo sasa umenena, mama. Kazi hiyo yaachiwa wanawake na hakuna anayeihesabu.

Nesi Mstaafu
Serikali haijamaliza kuwalipa manesi, itamlipa mke kumuuguza mumewe?

Mama wa Bamburi
Wewe nesi ulikuwa ukilipwa kwa kumgeuza mgonjwa. Mimi nilimgeuza yule yule.

Binti Kisauni
Mama, pole sana. Utafiti kama huo hata mimi siutaki. Nataka maswali tuyaandike pamoja, na majibu yasomwe mbele yetu kwa Kiswahili kabla hayajachapishwa popote. Si jambo la Ulaya pekee. Hapo Kilifi KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wana wawakilishi wa jamii wanaokaa na watafiti, na ni wanavijiji wa kawaida.

Nesi Mstaafu
Kilifi wana malaria na watoto maelfu. Na hilo la kuinamisha kidevu, binti, sisi twalifundisha wodini. Si ugunduzi.

Binti Kisauni
Shikamoo nesi. Kama mwalifundisha, mbona kakangu alitoka hospitali mara mbili akiwa na maji kifuani na hakuna aliyetuambia? Hilo ndilo la kuuliza kila nyumba: nani aliambiwa, nani aliachwa aotee.

Mwana wa Kwale
Mimi nitakuja kuyaandika hayo maswali, na la kwanza ni langu: mlianzia wapi, na mliambiwa nini? Wahesabiwe walioanza kwa mganga, wahesabiwe walioanza hospitali wakapewa vidonge vya baridi yabisi. Hesabu ikitoka ibandikwe kliniki, Nesi Mstaafu naye aje aisome.