Tupeane uzoefu: kanisa la Kibaptisti kijijini linamtunzaje mchungaji asiye na mshahara?

Mwanzisha mada (katibu wa kanisa, Sengerema)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu, na shikamooni wazee.

Mimi ni katibu wa kanisa la Kibaptisti katika kijiji kimoja kando ya ziwa, wilayani Sengerema. Washirika tuliobatizwa tuko 43, nyumba ya ibada ina kuta za tofali za kuchoma na bati upande mmoja tu, na mchungaji wetu aliyetuongoza kwa miaka 14 amepumzika kwa sababu ya umri. Sasa tunapaswa kuita mwingine. Kwa utaratibu wetu Wabaptisti hakuna askofu wa kutuletea mtu, wala makao makuu ya kumlipa. Kanisa la mahali hujitawala lenyewe, na kila aliyebatizwa ana kura moja, awe mzee wa miaka 80 au kijana aliyetoka majini mwezi uliopita. Anayeitwa kwa kura hizo hutunzwa na mikono ile ile iliyonyooshwa kumchagua. Utaratibu huu naupenda kwa moyo wote, lakini katika kikao kilichopita mama mmoja mjane alisimama akauliza, "Tunamwita aje ale nini?" na hakuna aliyemjibu.

Naomba mliopita njia hii mtueleze mlichokifanya hasa, pamoja na kilichoshindikana.

Mwinjilisti, kisiwa cha Kome

Amina, ndugu katibu. Kwetu sadaka hufuata mwezi, na tulichelewa sana kulielewa jambo hilo.

Washirika wetu wengi huishi kwa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hupoteza nguvu, mitumbwi hulala mwaloni, ufukweni inapotia nanga, na fedha hukatika kijiji kizima. Mweka hazina wetu alikuwa akihesabu kwa miezi ya kalenda, kwa hiyo kila mara alikuta juma moja au mawili yana sadaka ndogo mno, na tukaanza kuhubiri juu ya utoaji kwa maneno makali ambayo leo ninayajutia. Tuliwalaumu watu ambao wiki hiyo hawakuwa na hata fedha ya chumvi. Shemasi mmoja, mvuvi tangu ujana wake, ndiye aliyetuonyesha kosa letu. Tangu hapo tunahesabu kwa giza: fungu la mchungaji hutengwa wavuvi wanapokuwa kazini, nusu hupewa mara moja na nusu hutunzwa kwa ajili ya mbalamwezi. Vikao vya kanisa, darasa la ubatizo na ziara za nyumba kwa nyumba tumevihamishia kwenye mbalamwezi, wanaume wanapokuwa nyumbani.

Jambo jingine ni kuhama. Wavuvi hufuata samaki kutoka mwalo hadi mwalo, na kijana uliyembatiza mwezi wa tatu unaweza usimwone tena kabla ya mwaka kwisha. Tunampa kila anayeondoka barua ya utambulisho kwa kanisa la huko aendako. Wengine wametutumia sadaka kwa simu wakiwa visiwa vya mbali, bila kukumbushwa.

Na Jumapili mvua ikitanda, wanawake huruhusiwa kutoka ibadani kwenda kuanua dagaa. Mhubiri huwasubiri. Dagaa wakinyeshewa wakaoza, familia hiyo imepoteza chakula na ada ya shule kwa pamoja.

Mama wa ushirika wa wanawake, Misungwi

Mimi nizungumzie mnada wa sadaka, kwa sababu umetujenga na pia umetuumiza.

Sisi ni wakulima, na fedha taslimu huonekana zaidi pamba inapouzwa, yaani kuanzia katikati ya mwaka. Miezi mingine watu huleta walichonacho: michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), dengu, mpunga, mayai, kuku. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje, chini ya mti, na fedha huingia kanisani. Mwanzoni tulifurahi. Baadaye niliona bibi mmoja ameacha kuja. Nilipomtembelea aliniambia kwamba mayai yake matatu yalinadiwa baada ya beberu la mfanyabiashara, watu wakacheka bei ilivyokuwa ndogo, naye hakutaka kuaibika tena. Nililia njiani nikirudi nyumbani, maana mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Tulilipeleka jambo hilo kwenye kikao cha kanisa. Tuliamua kwamba chakula chote kinachoweza kuliwa nyumbani kwa mchungaji kiende huko moja kwa moja bila kunadiwa, na mwenye kutoa asitajwe. Kinachozidi huuzwa na mashemasi wawili siku ya gulio. Mnada umebaki kwa ajili ya mavuno na ujenzi tu. Bibi amerudi.

Zaidi ya hayo tuna shamba la kanisa la ekari mbili, moja ya pamba na nyingine ya mahindi. Wanawake tunapalilia kwa zamu, vijana wanalima. Ushauri wangu, ndugu katibu: msimwachie mchungaji alime shamba hilo peke yake mkaita huo utunzaji.

Mzee wa kanisa, Magu

Marahaba. Nitasema machache. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walifika Tanganyika mwaka 1956, na kanisa letu ni tunda la kazi iliyoanzia hapo. Tuliwapenda, na tunawakumbuka kwa mema. Lakini tulizoea kwamba bati, baiskeli ya mwinjilisti na hata vitabu vya nyimbo vitatoka kwao, na msaada ulipokoma tulikaa miaka mingi tukingoja. Anzeni na kidogo kilicho chenu.

Shemasi na mhudumu wa afya, Magu

Kumtunza mchungaji kunahusu pia mwili wake. Sisi tunabatiza kwa maji mengi, kama Warumi 6:4 inavyotufundisha juu ya kuzikwa pamoja na Kristo, na kwa miaka yote tulibatiza ziwani. Anayebatizwa huzama mara moja akatoka, lakini mchungaji husimama majini muda mrefu, mara nyingi karibu na majani, mahali wanapoishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi, na huwa vingi zaidi majini wakati wa jua kali la adhuhuri, saa ile ile tuliyokuwa tukibatiza baada ya ibada. Mchungaji wetu aliugua kwa muda mrefu kabla hajapimwa na kupewa dawa.

Nilipopendekeza tujenge birika la saruji la kubatizia, wazee walipinga kwa uchungu. Walisema Bwana alibatizwa mtoni, na kwamba kijiji kizima huona ushuhuda pale ufukweni. Hoja yao ilikuwa na uzito, na sikutaka kuipuuza. Tulijadili vikao vitatu kabla ya kupiga kura. Birika limejengwa nje, kando ya barabara, wapita njia waone. Tunalijaza maji ya ziwa na kuyaacha siku mbili kamili tukihakikisha hakuna konokono, kwa kuwa vijidudu visivyopata mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo. Gharama ya saruji ilikuwa ndogo kuliko nauli zote za kumpeleka mchungaji hospitalini.

Mchungaji na fundi mitumbwi, Ukerewe

Mimi ndiye huyo asiye na mshahara. Ninaunda mitumbwi, na Matendo 18:3 hunitia moyo ninaposoma kwamba Paulo alishona mahema. Kanisa hunipa chakula, nami hujitafutia ada za watoto. Makubaliano yaliandikwa siku niliyoitwa: siku nne ni za karakana, siku tatu ni za huduma, na msiba hutangulia vyote.

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikitoka Bugolora siku ya gulio, walikufa watu zaidi ya 220. Nilifunga karakana. Kwa majuma mengi kazi yangu ilikuwa kukaa na wafiwa, wa kanisa letu na wa makanisa mengine, Waislamu pia, mara nyingi bila kusema neno, kwa sababu hapakuwa na neno. Mteja aliyenilipa malipo ya awali ya mtumbwi alikuja, nikadhani anadai fedha yake. Alileta gunia la udaga (mihogo iliyokaushwa) akasema mtumbwi usubiri. Nyumba yangu haikulala njaa hata siku moja katika kipindi kile, na wengi walioleta chakula hawakuwa Wabaptisti.

Ndugu katibu, mwambieni ukweli mtakayemwita kabla hajahamisha mizigo yake. Andikeni mnachoweza kutoa, hata kama ni debe moja la mahindi, kisha msipunguze.

Mwanzisha mada

Nimewashukuru mmoja mmoja kwa sala, na hapa tena: wabeja sana. Nitapendekeza tuhesabu kwa giza kama ndugu wa Kome, tuandike makubaliano kama alivyoeleza mchungaji wa Ukerewe, na chakula kisinadiwe. Suala la birika nitaliomba lisubiri paa likamilike.

Yule mama mjane nilimsomea maandiko yenu yote jana jioni nyumbani kwake. Amesema atatoa upande mmoja wa shamba lake la mihogo, hatua 20 kwa 30, litumiwe na familia ya mchungaji yeyote tutakayemwita, na ameniomba nisimtaje jina kikaoni. Tunakutana Jumamosi ya mbalamwezi ijayo.