Naomba ushauri kuhusu PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu) ya zamani

Habari zenu wadau, niko Kisumu huku Kondele. Binamu yangu amenirudishia PS2 yetu ile nyembamba na memori kadi ya 8MB, nikaiwasha nikakuta ligi yetu ya PES 6, ile gemu ya mpira, bado iko, na jina la marehemu kaka yangu kwa timu, aki nililia. Sasa nataka nicheze na kijana wangu wa miaka 8 lakini diski inazunguka tu inakwaruza alafu inakataa kusoma, lenzi inasafishwa ama inabadilishwa tu? Pia TV yangu ni ya HDMI pekee, adapta inasaidia ama nitafute TV ya zamani ya kichogo? Na mbali na Tekken 5 na Crash Bandicoot, gemu gani ya wawili bado ni tamu?