Mrejesho: swichi ya usalama kwenye kinga ya mashine

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza kwa nini mashine inajizima wakati kinga (mlango unaoziba sehemu zinazozunguka) imefungwa, ilhali swichi inapaswa kuizima kinga ikifunguliwa tu. Aliyesema nikague ulimi wa swichi (kipande cha mlangoni kinachoingia kwenye swichi ukifunga) alipatia: ulikuwa umepinda, mtetemo ukauchomoa. Nimeweka mpya, pamoja na komeo ili swichi isibebe uzito wa mlango.

Jaribio la kukata waya mmoja mmoja ndilo lililoniumbua. Swichi hii ina njia mbili za waya, na yoyote ikikatika mashine haipaswi kuwaka. Nilizima umeme, nikachomoa waya wa njia ya pili, nikawasha: mashine ikazunguka kama kawaida! Kumbe kuna mtu aliiunganisha njia hiyo moja kwa moja kwa kipande cha waya, ikawa inairuka swichi. Nimekitoa, sasa njia yoyote ikikatika haiwaki, na kufunga kinga pekee hakuiwashi.

Mlango wa nyuma bado unasumbua, bawaba zimelegea. Nasubiri mpya, mashine ikiwa imepigwa kufuli.