Hedifoni kwenye laptopu: shhh isiyoisha, na mvumo nikichomeka chaja

bahari_mono aliuliza:

Wakuu, naomba msaada. Nahariri sauti za mahojiano kwenye laptopu na nina kero mbili. Sijui kama chanzo chake ni kimoja.

Ya kwanza: nikivaa spika za masikioni (zenye ukinzani wa omu 16) nasikia shhh nyembamba. Nikishusha sauti hadi sifuri haipungui. Inaanza pale ninapocheza faili lolote, nikisimamisha inaendelea kidogo, kisha inakatika kwa mlio mdogo wa "tk". Hedifoni kubwa za omu 250 kwenye jeki hiyohiyo ziko kimya kabisa.

Ya pili: nikipeleka sauti kutoka jeki ya hedifoni hadi kwenye miksa huku chaja imechomekwa, spika zinatoa mvumo mzito pamoja na vijimlio vinavyobadilika nikisogeza kipanya au nikishusha ukurasa. Nikichomoa chaja vyote vinakoma papo hapo. Chaja ni ya pini tatu, miksa pia, kila moja kwenye soketi yake.

Natumia Windows 11 na Linux kwenye diski moja, shhh ipo pande zote. Kodeki (chipu ya sauti) ni ya Realtek, jeki ni ile moja ya hedifoni na maiki kwa pamoja. Je, ninunue kadi ya sauti ya USB au kuna cha kufanya kwanza?

Kapasita alijibu:

Mkuu, hizo ni kero mbili zenye vyanzo tofauti, na umeshazitenganisha vizuri mwenyewe. Mimi nijibu ya shhh, wenzangu watakuja na ya mvumo.

Shhh isiyofuata kitufe cha sauti inatoka kwenye amplifaya ndogo iliyo mwishoni mwa kodeki. Kitufe cha sauti cha kompyuta kwa kawaida kinapunguza ishara kabla haijafika kwenye amplifaya hiyo, kwa hiyo kelele ya amplifaya yenyewe hakiigusi. Hiyo "tk" ni draiva ikizima kodeki kuokoa umeme baada ya ukimya. Ukiona shhh inakatika pamoja na "tk", faili lako halina kosa, wala spika zako.

Kwa nini omu 250 ziko kimya? Piga hesabu. Tuchukulie amplifaya inatoa kelele ya mikrovolti 10. Spika za masikioni za omu 16 zenye usikivu wa desibeli (dB) 110 kwa miliwati zitaigeuza kuwa sauti ya takriban dB 28, ambayo kwenye chumba tulivu unaisikia bila shida. Hedifoni za omu 250 zenye dB 96 kwa miliwati zitatoa takriban dB 2, yaani sikio halioni kitu. Kelele ni ileile. Tofauti ni masikio ya chombo.

Kabla ya kununua chochote, funga njia ya maiki. Kwenye jeki ya pamoja, maiki na hedifoni zinapita kwenye chipu moja, na mara nyingi sehemu ya shhh ni kelele ya maiki iliyochanganywa kwenye sauti inayotoka. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `mmsys.cpl`. Nenda kichupo cha Recording, fungua maiki yako: kwenye Levels shusha Microphone Boost hadi 0 dB, na kwenye Listen ondoa alama ya "Listen to this device". Kisha rudi Playback, fungua Speakers, tazama Levels. Baadhi ya draiva za Realtek zina kitelezi cha maiki humo ndani. Kizime kwa alama ya spika iliyo pembeni yake.

Kwenye Linux fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi halisi (usibaki kwenye ile ya PipeWire au PulseAudio, ambazo ni programu za kusimamia sauti), weka Loopback Mixing kuwa Disabled. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: kuna kodeki ambazo Headphone Mic Boost ikiwa sifuri ndipo shhh inapokuwa kubwa, na ukiipandisha hatua moja tu, yaani dB 10, inapungua sana au kuisha. Jaribu:

`amixer -c 0 sset 'Headphone Mic Boost' 1`

Kama kadi yako siyo namba 0, `aplay -l` itakuonyesha namba sahihi. Ikikubali, hifadhi kwa `sudo alsactl store`. Kama jina hilo halipo kwenye kadi yako, basi huna kitelezi hicho, usipoteze muda kukitafuta.

Itakayobaki baada ya hapo ni ya amplifaya yenyewe, na hiyo programu haiiwezi. Inapunguzwa baada ya jeki, kwa rezista. Kwa kila upande weka rezista ya omu 47 mfululizo kwenye waya wa ishara, kisha omu 10 sambamba na spika, kati ya ishara na waya wa pamoja. Jumla rezista nne za robo wati. Na spika za omu 16 unapata upungufu wa karibu dB 19, kwa hiyo ile dB 28 inashuka hadi 9 hivi. Sauti ya muziki nayo inashuka kiasi hichohicho, ila unaipandisha kwa kitufe, na shhh haipandi nayo. Humo ndimo faida yote ilimo.

Usidanganywe na adapta zenye rezista moja tu ya omu 75 mfululizo. Shhh inapungua kweli, karibu dB 15, lakini sasa spika inaona chanzo chenye ukinzani wa omu 75. Spika za masikioni zenye viendeshi vingi ukinzani wao hupanda na kushuka kulingana na masafa, kwa hiyo besi au sauti za juu zitabadilika. Kwa mtu anayehariri hilo ni tatizo kubwa. Kwa mpangilio wa 47 na 10, spika inaona omu 8 tu.

msumeno alijibu:

Huo mvumo dawa yake ni rahisi mkuu. Chaja yako iweke kwenye adapta ya pini mbili, au chomoa waya wa ethi (wa ardhini) kwenye plagi. Mvumo unaisha hapohapo, bila gharama.

Waya_Kijani alijibu:

Hapana, na naomba bahari_mono asifanye hivyo. Ni kweli mvumo utaisha, ila tuseme na kwa nini unaisha.

Laptopu ina njia ya ethi kupitia chaja. Miksa ina ethi yake. Kebo ya sauti inaziunganisha tena kupitia waya wake wa nje. Sasa kuna mduara kamili, na mkondo mdogo unazunguka ndani yake kwa sababu ethi za soketi mbili hazilingani sawasawa. Mkondo huo ukipita kwenye waya wa nje wa kebo ya sauti unaacha volti kidogo, na miksa haijui kuitofautisha na sauti. Mvumo mzito ni umeme wa ukutani wa Hz 50 na vizidisho vyake. Vijimlio vya kipanya ni mikondo ya prosesa, kadi ya picha na skrini ya laptopu inayorudi kwenye ethi kwa njia hiyohiyo ya kebo. Ukitumia betri mduara umekatika, ndiyo maana ukimya.

Ukikata waya wa ethi unakata mduara, lakini pia unakata kinga. Ndani ya chaja kuna kapasita za kuchuja zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa laptopu au ethi. Ethi isipokuwepo, mwili wa chuma wa laptopu unaelea. Ukipima kwa multimita kati ya mwili huo na ethi unaweza kuona hadi karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo sana, ndio ule mwasho unaousikia kwenye viganja, ila ukichomeka jeki kwenye miksa unamwagika kupitia mlango wa sauti. Na siku kapasita ikipasuka au chaja ikiharibika ndani, hakuna waya wa kuangusha fyuzi. Hatari zaidi ni mtu akizoea dawa hii akaihamishia kwenye miksa au amplifaya ya chuma.

Kata mduara kwenye sauti, siyo kwenye umeme.

Anza na lisilo na gharama: chomeka chaja na miksa kwenye ekstensheni moja yenye ethi, karibu karibu, usitumie soketi mbili tofauti. Mvumo wa Hz 50 mara nyingi hupungua. Vijimlio vya kipanya huenda vikabaki.

Vikibaki, weka kitenganishi cha transfoma kati ya laptopu na miksa. Ni kisanduku kidogo chenye transfoma mbili za uwiano wa 1:1, jeki ya mm 3.5 upande huu na huu, au RCA. Sauti inavuka kwa sumaku, waya wa nje hauunganiki, mduara hakuna. Usiweke laptopu kwenye asilimia 100. Karibu 70 inatosha, kisha pandisha kwenye miksa, maana transfoma ndogo za bei nafuu hujaa na kukwaruza kwenye besi ishara ikiwa kubwa. Pia kitenganishi hicho ni cha kwenda kwenye miksa tu. Ukichomeka spika za omu 16 moja kwa moja, sauti itadhoofika sana, kwa sababu transfoma imetengenezwa kwa mlango wa kiloomu kadhaa.

Kama miksa ina milango ya XLR (ile ya maiki ya pini tatu), kisanduku cha DI (cha kupeleka ishara kwenye mlango wa maiki) cha stereo kisichohitaji umeme, chenye swichi ya kukata ethi ya ishara, ni bora zaidi. Swichi hiyo inakata waya wa nje wa sauti peke yake. Ethi za umeme zinabaki salama.

Kuhusu kadi ya sauti ya USB, angalia hapa kabla hujatoa pesa. Kadi ya kawaida inachukua ethi kutoka kwenye USB ileile ya laptopu, kwa hiyo mduara unabaki ulivyo. Inaweza kukuponya shhh, ila mvumo hautaondoka. Isipokuwa kadi iwe na milango ya jeki za mm 6.35 za waya tatu zenye ishara linganifu, nawe utumie kebo za aina hiyo hadi miksa. Hapo miksa inafuta kinachofanana kwenye waya zote mbili.

Na vile vijisumaku vyeusi vya kubana kwenye waya wa chaja vinazuia masafa ya juu ya redio. Kwa Hz 50 havifanyi lolote.

pwani_analogi alijibu:

Naongeza mawili kwa watakaokuja kusoma, kwa sababu kelele hizi huchanganywa.

Ukisikia "trr-trr-trr" sekunde chache kabla simu haijaita, hiyo ni simu yenyewe ikiwa kwenye mtandao wa 2G. Inarusha mawimbi kwa mafungu kama 217 kwa sekunde, na kebo ya sauti inayapokea. Sogeza simu mita moja, usibadilishe kitu kingine.

Sauti ikikatika na kukwaruza pale kompyuta inapolemewa, hiyo siyo kelele ya umeme. Ni draiva inayoshikilia prosesa muda mrefu mno. Kwenye Windows washa LatencyMon (programu ya kupima ucheleweshaji wa draiva), iache dakika kumi ukicheza sauti, kisha tazama faili linaloongoza. Likiwa `ndis.sys`, zima Wi-Fi ujaribu tena, likiwa `nvlddmkm.sys`, shughulikia draiva ya kadi ya picha.

bahari_mono alijibu:

Asanteni sana. Matokeo: upande wa Linux ile amri ya Mic Boost imepunguza shhh kwa kiasi kikubwa, iliyobaki naisikia usiku tu. Ekstensheni moja imeondoa karibu mvumo wote, vijimlio vya kipanya bado vipo, kwa hiyo naagiza kitenganishi. Msumeno, nimeelewa nia yako ila ethi naiacha. Swali la mwisho: hiyo "tk" inaingia kwenye rekodi ninapotoa sauti kwenda miksa. Naizimaje?

Kapasita alijibu:

Kwenye Linux zuia kodeki isizimwe. Jaribu kwanza bila kudumu:

`echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

"Tk" ikiisha, tengeneza faili `/etc/modprobe.d/sauti.conf` lenye mstari huu:

`options snd_hda_intel power_save=0 power_save_controller=N`

Kama una TLP (programu ya kuokoa betri), yenyewe inaweza kuirudisha hali ya zamani kila ukichomoa chaja. Fungua `/etc/tlp.conf`, weka `SOUND_POWER_SAVE_ON_AC=0` na `SOUND_POWER_SAVE_ON_BAT=0`. Washa upya kompyuta, kisha soma thamani kwa `cat` kwenye njia ileile ya juu, mara moja ukiwa na chaja na mara moja bila. Mara zote mbili lazima uone 0. Betri itapungua kasi kidogo zaidi, na shhh iliyobaki sasa itakuwepo muda wote badala ya kuja na kuondoka, kwa hiyo zile rezista nne zitengeneze kabla hujazima kabisa huko kuokoa umeme.

Kwenye Windows njia nyepesi ni kuacha programu yako ya kuhariri ikiwa imeshikilia kadi muda wote wa kurekodi. Tafuta kwenye mipangilio yake ya sauti chaguo la kufunga kadi sauti inaposimama, uliondolee alama.