Kikundi cha ukoo: kanda za Mzee na poti ya modemu

Baba Mdogo Hamisi: Habari za jioni nyote. Kazi ya kuhamishia kanda za Mzee kwenye kompyuta imekwisha. Zote zimo, kama GB 60 hivi. Kazi iliyobaki ni kuwafikishia. Humu kikundini hazipiti, maana kanda moja tu ya dakika 90 inakaribia MB 950.

Shangazi Zuhura: Alhamdulillahi! Hamisi mdogo wangu, Mungu akupe nguvu. Mimi naitaka ile anayosimulia utoto wake.

Musa: Shikamooni wakubwa. Baba Mdogo, kwa nini usizipunguze ziwe MP3?

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba. Za MP3 zitakuja baadaye kwa kusikilizia. Ila sauti ya Mzee nataka kila tawi la familia liwe nayo kamili, isiyobanwa. Nyumba yangu ikipatwa na jambo, zisipotee. Sasa kuna fundi kaniambia njia ipo kwenye modemu yangu hii hii: nifungue poti 445 ielekee kwenye kompyuta, basi ile folda mnayoiona mkija kwangu mtaiona hata mkiwa mbali. Nimeshaingia kwenye modemu, nimejaza, bado kubonyeza "Save" tu.

Rehema: Baba Mdogo shikamoo. Nakuomba usibonyeze.

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba mwanangu. Nimeacha. Kuna nini?

Rehema: Poti 445 ndiyo Windows inayotumia kugawana mafaili ndani ya nyumba. Ilikusudiwa mtandao wa watu wanaoaminiana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita humo humo, kikafunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilikwama. Kasoro yenyewe Microsoft walikuwa wameshaiziba tangu Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Poti hiyo haifunguliwi kuelekea intaneti hata kwa saa moja. Kanda hizi hatuna pa kuzirekodi tena, Baba Mdogo.

Baba Mdogo Hamisi: Nimefuta nilichojaza. Sasa nielekeze, usiku huu nimeutenga kwa kazi hii.

Musa: Dada, tueleze kwanza poti yenyewe ni nini, maana Shangazi atauliza.

Shangazi Zuhura: Nilikuwa naandika swali hilo hilo 😄

Rehema: Shangazi, chukulia jengo kubwa lenye anwani moja tu barabarani, na mlinzi mlangoni. Ndani kuna vyumba vingi: simu, televisheni, kompyuta ya Baba Mdogo. Watu wa ndani wakituma barua nje, mlinzi anaandika nani katuma, jibu likirudi anajua alipeleke chumba gani. Mgeni akija bila kuitwa, mlinzi hajui anamtaka nani, anamrudisha. Kuelekeza poti ni kumwachia mlinzi agizo: anayekuja akitaja namba fulani, mpeleke chumba fulani. Namba hizo ndizo poti, zinafika 65535. Mlinzi ndiye modemu.

Shangazi Zuhura: Nimeelewa vizuri. Endeleeni.

Rehema: Baba Mdogo, kabla hatujagusa chochote, fungua ukurasa wa hali ya modemu, tafuta palipoandikwa WAN, yaani upande wa intaneti. Soma anwani ya IP iliyopo hapo, ndiyo namba ya jengo lako huko mtandaoni. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Nataka kujua kama hizo mbili zinafanana. Usizibandike nzima humu, namba mbili za mwanzo zinatosha.

Baba Mdogo Hamisi: Hazifanani. Ya kwenye modemu inaanza na 100.81, ya kwenye tovuti ni nyingine kabisa.

Rehema: Basi tusiendelee na poti usiku huu. Hapo tungehangaika hadi alfajiri bila kupata kitu.

Musa: Kwa nini?

Rehema: Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti kuwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Yaani juu ya modemu ya Baba Mdogo kuna modemu nyingine kubwa, ya kampuni, na hiyo hatuna ruhusa ya kuingia. Hata akifungua poti zote kwake, mgeni anakwama kule juu. Kampuni hazifanyi hivyo kwa ubaya. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na ghala kuu la kimataifa lilimaliza kuzigawa Februari 2011. Ukiona WAN inaanza na 10, au 192.168, au 172.16 hadi 172.31, ni hali ile ile: kuna kifaa kingine mbele yako. Hiki ndicho kitu cha kwanza kuangalia, na maelekezo mengi huko mtandaoni yanakiruka. Mtu anarudia hatua zile zile, anabadilisha modemu, kumbe mlango wenyewe haupo.

Baba Mdogo Hamisi: Sasa dawa yake?

Rehema: Piga simu kwa kampuni yako kesho, waambie unahitaji anwani ya IP ya umma. Tumia maneno hayo hayo. Si lazima iwe ya kudumu, ya umma inatosha. Wakikataa, zipo programu kama Syncthing ambazo pande zote mbili zinatoka nje zenyewe na kukutana, hazihitaji poti kufunguliwa.

Musa: Na IPv6, ule mfumo mpya wa anwani? Nimesoma kwamba huko hakuna mambo haya.

Rehema: Kweli, kila kifaa kinapata anwani yake, unafungua fayawoli tu, ile kinga inayochuja wanaoingia. Lakini lazima na anayepakua awe na IPv6, na laini ya Shangazi haina. Tuiache.

*(Siku iliyofuata)*

Baba Mdogo Hamisi: Rehema, wamekubali. Wamesema nizime modemu niwashe. Nimefanya hivyo, na sasa namba za kwenye modemu na za kwenye tovuti ni zile zile.

Rehema: Vizuri sana! Sasa tuanze. Kwanza badilisha pasiwedi ya kuingilia kwenye modemu, kama bado ni ile iliyobandikwa chini yake. Kisha tuipe kompyuta namba isiyohama. Modemu hugawa anwani za ndani kwa muda tu. Leo kompyuta ni 192.168.1.7, kesho namba hiyo kapewa simu ya mtoto, na agizo letu litampeleka mgeni kwenye simu. Nenda kwenye DHCP, ndiyo inayogawa anwani hizo, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, chagua kompyuta yako, ipe 192.168.1.50.

Baba Mdogo Hamisi: Imeomba MAC.

Rehema: Ni namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta, ina jozi sita zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa utaiona pembeni ya jina la kompyuta. Nakili kutoka hapo, usiandike kwa mkono.

Baba Mdogo Hamisi: Tayari. Nimezima kompyuta nikawasha, imekuja na .50.

Rehema: Safi. Seva ya SFTP, ile programu ya kugawia mafaili kwa siri tuliyoiweka mchana, ipo hewani?

Baba Mdogo Hamisi: Ipo. Nimetengeneza akaunti ya familia kama ulivyosema, inaona folda ya Kanda peke yake, inasoma tu, haiwezi kufuta wala kuandika.

Musa: Dada, kwa nini SFTP na si FTP ya kawaida?

Rehema: FTP inatuma jina na pasiwedi wazi wazi, yeyote aliye njiani anasoma. SFTP inasafiri ndani ya SSH, njia salama ya kuingilia kompyuta iliyo mbali, kila kitu kimefungwa kwa siri. Halafu inatumia poti moja tu, wakati FTP inataka ya amri na nyingine za data, na modemu nyingi hujikwaa hapo.

Haya Baba Mdogo, tafuta palipoandikwa "Port Forwarding". Modemu nyingine huita "Virtual Server" au huficha ndani ya NAT. Ongeza kanuni moja: poti ya nje 52222, poti ya ndani 22, anwani 192.168.1.50, aina (namna data inavyosafirishwa) TCP. Hiyo tu.

Baba Mdogo Hamisi: Aina kuna TCP, UDP na zote mbili. Nisichague zote mbili kwa usalama?

Rehema: Hapana, chagua TCP peke yake. SSH haitumii UDP, na kisichohitajika hakifunguliwi. Pia ukiona "DMZ" usiiguse, hiyo inasukuma kila poti kwenye kompyuta yako. Na UPnP izime, maana inaruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza.

Musa: Hiyo 52222 inaficha seva?

Rehema: Inapunguza kelele tu. Kuna mashine zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga poti 22 za watu. Kinga yenyewe ni pasiwedi ndefu, na bora zaidi ni funguo za SSH, yaani mafaili ya siri yanayotumika badala ya pasiwedi.

Baba Mdogo Hamisi: Nimehifadhi. Nimejaribu kwa simu yangu, inagoma.

Rehema: Simu iko kwenye waifai ya nyumbani?

Baba Mdogo Hamisi: Ndiyo.

Rehema: Jaribio hilo halitupi jibu. Modemu nyingi haziwezi kumtoa mtu ndani na kumrudisha ndani kwa anwani ya nje, kwa hiyo linaweza kugoma hata kama kila kitu kiko sawa. Musa ndiye ajaribu, yuko mbali. Baba Mdogo, mtumie anwani kwa ujumbe wa pembeni.

Musa: Inazunguka… inazunguka… imesema muda umekwisha.

Rehema: Haikusema imekataliwa?

Musa: Hapana. Imekaa kimya karibu nusu dakika, kisha ndiyo ikasema muda umekwisha.

Rehema: Tofauti hiyo inatusaidia sana. Ingekataliwa papo hapo, mara nyingi maana yake umefika kwenye mashine ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Kimya kwa kawaida ni fayawoli: inapokea, inatupa, haijibu. Baba Mdogo, fungua fayawoli ya Windows, tafuta kanuni ya OpenSSH, ndiyo seva yetu, kwenye orodha ya zinazoingia. Inaruhusu mitandao ya aina gani, na kompyuta yako iko kwenye aina gani?

Baba Mdogo Hamisi: Kanuni imewekwa tiki kwenye "Private" tu. Mtandao wangu umeandikwa "Public".

Rehema: Ndiyo hiyo. Mtandao huo ni wa nyumbani kwako, ubadilishe uwe "Private". Kanuni iache ilivyo.

Baba Mdogo Hamisi: Nimebadilisha.

Musa: IMEFUNGUKA! Inaniuliza kama naiamini seva hii, imeonyesha maneno marefu yanayoanza na SHA256.

Rehema: Usikubali bado. Hiyo ni alama ya utambulisho wa seva. Baba Mdogo ataisoma kutoka kwenye kompyuta yake, naye Musa uilinganishe. Fanyeni kwa simu, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Zikilingana, una hakika unaongea na kompyuta ya Baba Mdogo na si ya mtu aliyejiweka katikati. Inaulizwa mara ya kwanza tu. Siku ikiuliza tena ghafla, simama, utuulize humu.

Musa: Tumemaliza, imelingana yote. Naona folda. Kanda ya kwanza inashuka, lakini polepole. Laini yangu ina kasi kubwa, mbona hivi?

Rehema: Kasi yako haihusiki. Wewe unapakua, lakini Baba Mdogo ndiye anayepakia, na laini za nyumbani mara nyingi hupewa kasi ndogo upande huo. Baba Mdogo, ukipima, ya kupakia inasoma ngapi?

Baba Mdogo Hamisi: Mbps 5.

Rehema: Basi kanda moja ni kama dakika 25. GB 60 zote ni saa 27 kwa mtu mmoja, tena kama hakuna mwingine anayetumia laini. Watatu wakipakua pamoja wanagawana hizo hizo 5. Twende kwa zamu, na usiku, Baba Mdogo naye afanye shughuli zake mchana. Programu ya kupakulia iwe inayoweza kuendelea pale ilipokatikia.

Shangazi Zuhura: Mimi nina simu tu. Nitaweza?

Rehema: Utaweza Shangazi. Nitakupigia nikuwekee programu ya SFTP, na nitakuundia ufunguo wako. Tutaanza na ile ya utoto wake, kisha nyingine taratibu.

Baba Mdogo Hamisi: Modemu ikizimika umeme ukikatika, anwani itabadilika?

Rehema: Inaweza. Nitakusaidia kusajili jina la DDNS, modemu yenyewe italiarifu kila anwani inapobadilika, nasi tutatumia jina badala ya namba. Na kesho, kila mtu akishapata ufunguo wake, tutazima kuingia kwa pasiwedi kabisa.

Baba Mdogo Hamisi: Nimefungua kumbukumbu za seva. Kuna mtu tayari amejaribu kuingia kwa jina "admin" na "root". Sio nyinyi?

Rehema: Sio sisi. Ni zile mashine nilizozitaja, zimeshaikuta 52222. Majina hayo hayapo kwenye kompyuta yako, hawajapata kitu. Lakini ndiyo sababu ya kutosubiri wiki ijayo. Niko macho, nikupigie sasa tumalize funguo?

Baba Mdogo Hamisi: Piga. Musa, maliza kanda hiyo kisha utoke.

Musa: Sawa Baba Mdogo. Zamu ziwe: Shangazi kwanza, kisha Dada, mimi wa mwisho.

Rehema: Sawa. Na wa mwisho akimaliza atuambie humu, ili Baba Mdogo aondoe tiki kwenye kanuni ya 52222. Asiifute, aizime tu, tutaihitaji tukifika kwenye picha.