Klasi ya Treni haioni vitu vya jukwaani (AS3, yaani ActionScript 3, lugha ya programu ya Flash)

Swali, kutoka Tabora:
Wakuu, nina mchezo wa treni ya Tabora–Kigoma. Jukwaani (stage) kuna kisanduku cha maandishi, kituo_txt. Treni naiunda kwa new Treni() kwenye fremu ya 1. Ndani ya konstrakta (funksheni inayokimbia treni inapoundwa), stage.addEventListener ya kibodi inaleta Error #1009 (unagusa kitu ambacho ni null, yaani hakipo). Nikiandika kituo_txt.text = "Urambo", kompaila inagoma kwa kosa 1120 (jina halijulikani). Nakosea wapi?

Jibu, kutoka Ujiji:
Ndugu, hayo ni makosa mawili tofauti. Konstrakta inapokimbia, treni bado haijapita kwenye addChild, yaani haijawekwa jukwaani, kwa hiyo stage ni null. Humo weka hili tu:

addEventListener(Event.ADDED_TO_STAGE, anza);

Kodi ya kibodi ihamie ndani ya funksheni anza, na mstari wake wa kwanza uwe removeEventListener, maana treni ikitolewa na kurudishwa, anza itaitwa tena.

La pili: kituo_txt ni mali ya taimulaini kuu (fremu za mchezo wenyewe), Treni haikijui. MovieClip(root).kituo_txt inafanya kazi ndani ya anza, ila siipendi: ukibadilisha jina, kompaila haitakuonya. Ipe Treni kisanduku mkononi, kupitia konstrakta:

public function Treni(kisanduku:TextField)

Kwenye fremu: addChild(new Treni(kituo_txt));

Jibu, kutoka Kigoma mjini:
Naongezea. Treni ikiwekwa jukwaani kwa mkono, konstrakta yenye hoja italeta Error #1063 (idadi ya hoja hailingani). Tumia mbinu ya umma (public function), mfano wekaKisanduku, uiite kwenye fremu. Na kituo_txt kiwepo kwenye fremu hiyohiyo. Kikianzia fremu ya 2, unapokea null.