Naomba ushauri: majina ya mvinyo wa Campania yananichanganya

Wakuu, habari za jioni. Ni mhudumu kwenye mgahawa mmoja hapa Napoli, mkoa wa Campania, Italia, na kuanzia mwezi ujao bosi anataka niwe nawashauri wateja mvinyo. Nimekulia Tanga, kwetu hatunywi, kwa hiyo najifunza kwa kunusa, kuonja na kutema.

Kinachonitesa ni majina. Fiano di Avellino nimeelewa: Fiano ni zabibu, Avellino ni mahali. Greco di Tufo vivyo hivyo, Tufo ni kijiji kilichokuwa na machimbo ya salfa. Halafu inakuja Taurasi, jina la zabibu hulioni! Kumbe ni mvinyo mwekundu wa zabibu ya Aglianico, angalau asilimia 85, na lazima mvinyo ukae miaka 3 kabla ya kuuzwa, mmoja wapo ndani ya mapipa ya mbao. Una daraja la DOCG, lile la juu kabisa la mvinyo wa Italia, tangu 1993. Wale weupe wawili, Fiano na Greco, walilipata 2003. Sasa kuna Aglianico del Taburno, upande wa Benevento, zabibu ileile na daraja lilelile. Mteja akiniuliza tofauti nimjibu nini? Mimi yote miwili inanikausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka mno.

Mliowahi kufanya kazi hii, mlikaririje? Na Taurasi ambao bado mchanga, niufungue mapema kiasi gani kabla mteja hajaletewa nyama? Falanghina, mweupe mwingine wa hapa, sina shida nao, huo nampa kila anayeagiza samaki na hajawahi kulalamika mtu.